Mwulize Kipa Kwanza: Jinsi ya Kubadilisha Muundo wa Mechi ya Nyota wa Hoki

Mechi ya nyota haibadilishwi kwa sababu mtu kaota wazo zuri usiku. Hubadilishwa kwa sababu kuna kitu kimeharibika, na kazi yako ya kwanza ni kukitaja kitu hicho kwa sentensi moja kabla hujagusa kanuni hata moja. Mimi ni kipa wa hoki. Nimesimama golini Lugogo, hapa Kampala, tangu enzi ambazo vijana ninaowapanga sasa walikuwa bado wanabebwa mgongoni, na siku hizi vilabu vyetu vinapotaka kufunga msimu kwa mechi ya nyota ni mimi ninayekabidhiwa saa, karatasi na lawama. Kwa hiyo mwongozo huu umeandikwa kutoka mstari wa goli. Anayetaka kuuona mchezo kwa macho ya mshambuliaji hatakosa watu wa kumsimulia. Washambuliaji hawana shida ya kuongea.

Nasema mwulize kipa kwanza kwa sababu mechi ya nyota ikianza kuoza, harufu humfikia yeye kabla ya mtu mwingine. Mabeki wanaacha kukaba. Hakuna anayejitupa kuziba shuti. Kila mtu anatafuta picha ya kutuma kwenye kundi la WhatsApp, na wewe umebaki na kofia yako, vikinga miguu vyako na jasho lako, ukiokota mipira wavuni huku watu wakicheka. Mashabiki huchelewa kugundua. Wao huona mabao mengi na kudhani wamefaidi, mpaka siku wanapoacha kuja.

Ligi iliyohangaika na jambo hili kuliko zote ni NHL, ligi ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada. Mchezo wao si wetu: wao wana viatu vya chuma na paki, kile kisahani cheusi cha mpira; sisi tuna nyasi bandia, mpira mgumu na jua. Ila tatizo ni lile lile, na wao wamelijaribia kila dawa hadharani, kwa fedha ambazo sisi hatutaziona. Kujifunza kwao hakugharimu kitu ila usingizi, maana mechi inayoanza Toronto saa mbili usiku, huku kwetu ni saa kumi alfajiri ya siku inayofuata.

Taja ugonjwa

Anza nyuma kidogo. Tarehe 14 Februari 1934, klabu ya Toronto Maple Leafs ilicheza na kikosi cha nyota wa ligi nzima na kushinda 7-3. Haikuwa burudani tu. Mchezaji wao, Ace Bailey, alikuwa amevunjika fuvu Desemba 1933 kwenye mechi ya Boston baada ya kuangushwa na Eddie Shore, na hakucheza tena maishani. Mapato yalikuwa yake. Shore mwenyewe alikuwa kwenye kikosi cha nyota, na wawili hao walishikana mikono mbele ya umati. Mwaka 1947 mechi ikawa ya kila mwaka, bingwa wa Kombe la Stanley, yaani kombe la ubingwa wa NHL, dhidi ya nyota wa vilabu vingine, na sehemu ya fedha ilikwenda kwenye mfuko wa pensheni wa wachezaji. Bingwa alikuwa na heshima ya kulinda. Nyota walikuwa na pensheni ya kuchangia.

Halafu sababu hizo zikayeyuka moja moja. Kuanzia 1969 ikawa Mashariki dhidi ya Magharibi. Mwaka 1998 wakabadilisha: Amerika Kaskazini dhidi ya Dunia, kwa kuwa mwaka huo ndio wachezaji wa NHL waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kwenda Olimpiki, kule Nagano. Mwaka 2011 wakaja na manahodha wawili wanaochagua wachezaji kwa zamu, kama tulivyokuwa tukigawana timu shuleni. Watu walifurahi usiku wa kuchagua. Mechi yenyewe ikaendelea kulegea mpaka Januari 2015, Columbus, ikaisha 17-12. Mabao 29, rekodi ya mechi hiyo. Hebu fikiria makipa watatu kila upande wakipokezana kazi ya kufungwa.

Tazama walichobadilisha miaka yote hiyo: nani anacheza na nani. Jezi mpya, majina mapya, mgawanyo mpya, na beki bado hana sababu ya kuinama.

Ndiyo maana kwenye kikao cha kamati huwa nauliza maswali matatu, na nayauliza kwa kurudi nyuma. Atakayeshindwa anakosa nini? Wangapi wanaingia uwanjani, na kwa muda gani? Nani dhidi ya nani? Kikao kikiachwa kijiendee chenyewe, kitaanza na hilo la mwisho, kwa sababu ni tamu, kila mtu ana timu yake ya ndotoni, na chai itakwisha kabla hamjafika kwenye lile lenye maana.

Watu na nafasi

Hapa ndipo NHL walipopata kitu. Januari 2016, Nashville, waliachana na watano dhidi ya watano na kuweka watatu kwa watatu pamoja na kipa. Timu nne, moja kwa kila divisheni (kundi la vilabu ndani ya ligi), kila timu wachezaji 11: washambuliaji sita, mabeki watatu, makipa wawili. Nusu fainali mbili na fainali, kila mchezo dakika 20, wakibadilishana magoli baada ya dakika 10. Fainali iliisha 1-0. Mwaka mmoja tu baada ya yale mabao 29!

Haikuwa miujiza. Watu watatu kwenye barafu pana hawana pa kujificha. Ukipoteza paki, wenzako wawili wamebaki nyuma na kila mtu ukumbini ameona ni wewe. Ukitaka kutembea, unaonekana unatembea. Na dakika 20 ni fupi kiasi kwamba bao moja lina uzito. Kwenye dakika 60 bao la kumi na moja halina uzito wowote. Tena wachezaji hawakuwa wageni wa muundo huo. Msimu huo huo ligi ilikuwa imeanza kutumia watatu kwa watatu kwenye muda wa ziada wa mechi za kawaida. Hilo ni jambo la kuiga: chukua muundo ambao wachezaji wako tayari wameuonja mahali, usiwaletee hesabu mpya siku ya sherehe.

Kwetu sisi wa hoki ya nyasi, muundo wa karibu ni hoki ya watano. Ulichezwa kwenye Olimpiki ya Vijana Nanjing mwaka 2014, na Kombe la Dunia la kwanza la aina hiyo likafanyika Oman Januari 2024, Kenya wakiwemo. Uwanja ni mdogo, kuta fupi pembeni zinarudisha mpira mchezoni, kona fupi, lile pigo la adhabu linaloanzia mstari wa goli, hakuna. Kuta ni gharama, zisahau. Mengine yote yanawezekana kwenye uwanja wa kawaida, na mimi hupanga hivi.

Uwanja kamili una urefu wa mita 91.40 na upana wa mita 55. Kata katikati. Sasa una kipande cha mita 55 kwa 45.70, na magoli unayaweka kwenye mistari ya pembeni ili mchezo uende upande ule mrefu, wa mita 55. Unahitaji magoli mawili ya kusogezwa, watu sita wenye mgongo mzima wa kuyabeba, na mifuko ya mchanga ya kuyashikilia nyuma. Usikubali goli lisiloshikiliwa, sisi ndio tunaosimama chini yake. Kila timu sita uwanjani, kipa akiwa mmoja wao. Watano ni wachache mno kwa nusu uwanja kwenye jua la saa nane. Nimewaona vijana wa miaka ishirini wakishika magoti. Saba ni wengi, wanaanza tena kujificha. Benchi la watatu wanaoingia na kutoka bila kusimamisha saa, na kipa wa pili.

Kwa kuwa duara la kawaida la kupigia halipo upande huo, panga koni kutoka pembeni hadi pembeni, kiasi cha mita 15 kutoka kila goli, na andika: bao ni halali mpira ukiguswa na mshambuliaji ndani ya koni, na hakuna kuinua mpira kwa nguvu ukiwa nje yake. Kanuni hii ya pili usiifute hata wakikuita mwoga. Watazamaji wetu hukaa karibu, watoto wanakimbiakimbia, na mpira wa hoki hauombi radhi.

Kona fupi ondoa. Najua kuna wapigaji mahiri watakaonuna. Lakini kila kona fupi ni kuvaa vinyago, kujipanga, kusubiri, na kwenye mchezo wa dakika 20 kona tatu zimekula mchezo. Kosa ambalo lingezaa kona, lipe ana kwa ana: mshambuliaji mmoja kwenye alama ya mita 23 kutoka golini, kipa mstarini, sekunde nane. Mashabiki wasiojua kanuni hata moja wanalielewa hilo mara moja. Na kwa taarifa ya washambuliaji, kipa huwa hapotezi mchezo huo mara nyingi wanavyodhani.

Timu nne, michezo mitatu ya dakika 20, jumla dakika 60 za mchezo. Ni sawasawa kabisa na mechi moja ya kawaida ya robo nne za dakika 15. Hoja hii iweke mfukoni, maana kuna mjumbe atasema unaongeza siku. Huongezi. Timu inayofika fainali inacheza dakika 40 tu, na kila kipa anasimama dakika 10 halafu mwenzake anaingia. Kipa aliyepumzika anajitupa, kipa aliyechoka anaangalia mpira ukipita.

Lakini hesabu watu wako. Timu nne za wachezaji kumi ni nyota 40. NHL ina mamia ya wachezaji, kwa hiyo 44 bado ni heshima. Ligi ya vilabu vichache ikitangaza nyota 40, karibu kila anayevaa jezi ni nyota, na yule bora haoni sababu ya kuacha harusi ya binamu yake Mukono ili aje. Ligi ikiwa ndogo, tengeneza timu mbili tu za kumi kumi na mcheze michezo mitatu mifupi, atakayeshinda miwili ndiye mshindi.

Sare

Andika mapema sare itaishaje. Hili linaonekana dogo. Julai 2002, Milwaukee, mechi ya nyota ya besiboli ya Marekani ilifika 7-7 baada ya vipindi 11 na timu zote mbili zikaishiwa warushaji. Ikasimamishwa hapo, sare, mbele ya uwanja uliojaa watu wanaozomea. Kwenye mfumo wa watatu kwa watatu, NHL walikwenda moja kwa moja kwenye mikwaju ya ana kwa ana. Nasi tufanye vivyo: watatu kila upande, kisha mmoja mmoja mpaka mtu akose.

Nani dhidi ya nani

Sina mengi hapa. Mashariki dhidi ya Magharibi kwetu haina maana, hoki yetu karibu yote iko Kampala; Magharibi itakuwa wanaokaa Nateete na Mashariki wanaoshukia Banda. Wazee dhidi ya vijana ni nzuri kwa picha, mbaya kwa magoti. Muundo ninaoupenda ni ule wa 1947, bingwa dhidi ya waliobaki, kwa kuwa bingwa wanajuana na nyota ni wageni kwa wageni, kwa hiyo uwezo unasawazika wenyewe na ubishi tayari upo tangu msimu.

Mkiamua manahodha wachague, lindeni wa mwisho. Mwaka 2011 wa mwisho kuchaguliwa alikuwa Phil Kessel, akapewa gari, na dola 20,000 zikaenda kwa hisani. Ikawa kichekesho kiasi kwamba 2015 Alex Ovechkin, mmoja wa wafungaji wakubwa wa historia ya mchezo, aliomba waziwazi awe wa mwisho. Sisi gari hatuna. Kwa hiyo manahodha wachague mpaka wabaki wanne, hao wanne majina yaingie kwenye kofia na yachotwe na mtoto. Hakuna anayerudi nyumbani akiwa "yule wa mwisho".

Atakayeshindwa anakosa nini

Swali gumu ndilo hili. NHL mwaka 2016 waliweka dola milioni 1 kwa timu itakayoshinda. Gawanya kwa 11, ni karibu dola 91,000 kwa mtu. Zilisaidia. Hata mwenye mshahara wa mamilioni hapendi kuona mwenzake akichukua bahasha. Lakini fedha huzoeleka. Kufika Februari 2024 kule Toronto walikuwa wamerudisha manahodha wa kuchagua, wakaongeza na wasanii pembeni yao, Justin Bieber akiwa upande wa Auston Matthews, nyota wa Toronto. Ilikuwa sherehe nzuri, na Matthews alishinda mbele ya watu wake. Mimi kama kipa niliona beki akisindikiza mshambuliaji kama mgeni anayeonyeshwa njia.

Mwaka uliofuata wakaiweka kando mechi ya nyota na kuandaa mashindano ya nchi nne: Kanada, Marekani, Uswidi na Finlandi, Montreal na Boston, Februari 2025. Niliamka alfajiri ile ya Jumapili kuangalia Marekani na Kanada. Mapigano matatu ya ngumi yalizuka ndani ya sekunde tisa za mwanzo. Sizisifu ngumi, na mtu akileta huo mtindo Lugogo nitampa kadi nyekundu kabla hajavua glavu. Ila ziliniambia jambo. Wachezaji wale wale, ambao mwaka mmoja kabla walikuwa wakiteleza huku wakitabasamu, sasa walikuwa wanajitupa mbele ya mashuti. Hakuna aliyekuwa anasubiri gari. Fainali iliisha kwa Kanada 3-2 katika muda wa ziada, bao la Connor McDavid. Mcheza kwao hutunzwa, na mcheza kwa ajili ya kwao hukaba.

Si wazo jipya pia. Mwaka 1979 waliacha mechi ya nyota wakacheza michezo mitatu New York na Muungano wa Kisovieti, wakapoteza wa mwisho 6-0. Mwaka 1987 wakarudia kwa michezo miwili Quebec, kila upande ukashinda mmoja. Kila walipoweka jambo la kweli mezani, mchezo ulikuwa wa kweli.

Gharama yake ipo na iseme wazi kwenye kikao: nchi nne zilimwacha nje Leon Draisaitl wa Ujerumani, David Pastrňák wa Czechia, Nikita Kucherov na Ovechkin wa Urusi. Mechi ya nyota isiyo na nyota hao imeacha kuwa mechi ya nyota, imekuwa kitu kingine, kizuri.

Na jihadhari usiweke dau linalomuumiza asiyekuwepo. Baada ya ile sare ya Milwaukee, besiboli waliamua kwamba upande utakaoshinda mechi ya nyota ndio utakaopata faida ya uwanja wa nyumbani kwenye fainali ya ubingwa. Ilianza 2003 ikafutwa baada ya 2016. Timu iliyohenya msimu mzima ilikuwa inategemea mechi ya maonyesho ya Julai. Mjumbe akikuambia "tuwape washindi pointi tatu za ligi," mwambie hapana, kwa adabu, na usimpe muda wa kueleza.

Dau letu liwe dogo, lionekane, na lilipwe siku ile ile. Ninayotumia ni mawili. La kwanza: walioshindwa wanawapakulia walioshinda. Chakula cha kufunga msimu kipo kila mwaka, pilau, matoke, kuku, soda. Nahodha aliyeshindwa anafunga aproni juu ya jezi yake na kusimama nyuma ya sufuria, mbele ya wake, waume, watoto na wakwe, akiulizwa na kijana wa miaka kumi na tisa, "Mzee, paja hamna?" Nimeona wanaume wazima wakikimbia mita hamsini kurudi kukaba kwa ajili ya aproni ile.

La pili ni la makipa. Mfadhili, mara nyingi mwenye duka tu anayependa mchezo, anaombwa asilipie mabao. Alipie vipindi visivyo na bao. Kila kipindi cha dakika 10 ambacho timu haikufungwa, shule moja inapata magongo mawili, na jina la shule linatangazwa kwenye kipaza sauti kabla ya kipindi kuanza. Beki akijua kuna watoto wa Naguru wamekaa pale pembeni wakihesabu dakika, atainama.

Kuwafanya wakubali

Kwa mpangilio: makipa, kisha manahodha wa vilabu, kisha waamuzi, kisha kamati. Ukianza na kamati, manahodha watasikia kama amri na watakuangusha kimya kimya kwa kutuma kikosi cha pili. Waamuzi usiwaruke, wao ndio watakaoulizwa kuhusu koni saa ya ugomvi. NHL nao hawakuuleta mfumo wa 2016 bila kukubaliana na chama cha wachezaji.

Patakuwa na mzee. Kwetu alikuwepo mmoja, aliyekuwa kijana Uganda ilipopeleka timu ya hoki Olimpiki ya Munich mwaka 1972, na kwa mtu aliyeona hilo, sita kwa sita ni mchezo wa chekechea. Aliniambia, "Mwanangu, nyota hawachezi nusu uwanja." Sikubishana. Nilimwomba, "Mzee, njoo Jumatano jioni uwatazame, kisha useme." Alikuja na kiti chake. Baada ya kipindi cha kwanza aliuliza kwa nini yule kijana wa kushoto harudi kukaba. Nikajua tumemaliza. Jaribio hilo la jioni ya mazoezi ni la lazima hata kama huna mzee: tumia vijana wa akiba, piga michezo miwili, sogeza koni mpaka mabao yawe matatu hadi matano kwa mchezo.

Kura za mashabiki nazo zina sheria yake. Mwaka 2016 mashabiki wa NHL walimchagua John Scott awe nahodha, jitu la zaidi ya mita mbili lililojulikana kwa ngumi, lenye mabao matano tu katika maisha yake yote ya ligi. Ilianza kama utani. Klabu yake ikamhamishia klabu nyingine, akapelekwa ligi ya chini, na wengi walitaka ajiondoe mwenyewe. Hakujiondoa. Alifunga mabao mawili kwenye nusu fainali na mashabiki wakamfanya mchezaji bora wa siku. Kabla ya kufungua kura andika nani anaruhusiwa kuchaguliwa. Ukishafungua, heshimu kilichotoka. Kwetu, ambako mchezaji mwenye ukoo mkubwa anaweza kuzoa kura za kijiji kizima kwa jioni moja, mashabiki wachague mmoja kwa kila timu na makocha wachague waliobaki.

Karatasi moja

Kanuni zote ziingie ukurasa mmoja, zibandikwe kwenye mbao za benchi zote mbili na zitumwe kwa manahodha mapema wiki hiyo. Vipimo vya uwanja, sita kwa sita, dakika 10 mara mbili na mapumziko katikati, saa husimama dakika mbili za mwisho tu, kosa kubwa ni ana kwa ana, sare inaishaje, dau ni lipi, nani ana neno la mwisho. Hilo la mwisho liwe jina la mtu mmoja.

Mvua iwe na mstari wake. Kampala mvua ya alasiri haipigi hodi. Uzuri wa michezo mifupi ni kwamba ukimaliza nusu fainali zote kabla ya mawingu, fainali inaweza kusubiri saa nzima chini ya paa na bado mkamaliza kabla ya giza. Radi ikisikika, watu watoke; magongo na kofia havina kinga ya radi.

Siku hiyo mkabidhi mtu mmoja daftari. Aandike mashuti, mipira iliyookolewa, mabao, mara ngapi mchezo umesimama, na watu wangapi bado wamekaa fainali inapoanza. Jumatatu wapigie makipa wote wanne au wanane, kabla ya manahodha, uwaulize kitu kimoja: mabeki walirudi? Wakisema walirudi, acha muundo huo ukae misimu miwili bila kuguswa, hata kama kamati imeshachoka nao. Wakisema hawakurudi, usianze na jezi. Angalia kwanza dau, kisha idadi ya watu uwanjani, na koni zisogeze mwisho.